Faili limefungwa, jina liko nje

SWALI: Mimi ni mhasibu katika ofisi ya umma. Nina barua pepe zinazoonyesha jinsi zabuni ilivyopangwa, nataka zimfikie mwandishi wa habari. Fundi mmoja ameniambia nizisimbe, niweke heshi yake (alama fupi ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye faili) kwenye blokucheini, daftari la pamoja la mtandaoni lisilofutika, ili zisikanushike, na ameniuzia laini isiyo na jina langu. Je, niko salama?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mafundi wa aina hiyo wamejaa mjini, na kila wiki napokea swali kama lako.

Kusimba kunaficha maneno, hakumfichi aliyeyatuma. Bahasha ipige lakiri hata kumi, aliyeonekana akiipeleka posta ni wewe. Laini mpya ukiitia kwenye simu ileile, namba ya kifaa, IMEI, haibadiliki, na ndiyo inayoiunganisha laini hiyo na wewe. Na heshi inathibitisha tu kwamba faili lilikuwepo siku fulani. Hata uongo una heshi.

Ushahidi wenye nguvu huenda unao tayari. Seva nyingi hutia saini barua inapotoka. Saini hiyo, DKIM, hukaa kwenye vichwa vya barua ambavyo kwa kawaida huvioni, na mwandishi mwenye faili ghafi, yaani barua nzima kama ilivyopokelewa, anaweza kuikagua kwa ufunguo wa umma wa ofisi yenu, msimbo uliowekwa wazi kwa ajili ya ukaguzi, bila kukujua wewe. Picha ya skrini haina saini hiyo. Lakini kwenye vichwa hivyohivyo kuna mstari wa mpokeaji, na saini kwa kawaida huufunga nao. Ukilifuta jina lako, saini inavunjika; ukiliacha, umejitaja. Kwa hiyo barua uliyoandikiwa peke yako iache. Tafuta iliyotumwa kwa anwani ya kundi, kisha uondoe mistari iliyoongezwa njiani, kama Delivered-To, ambayo kwa kawaida haimo kwenye saini.

Utaambiwa pia kuhusu saini ya pete, waliyoieleza Rivest, Shamir na Tauman mwaka 2001: anayekagua anajua aliyesaini ni mmoja wa kundi, hajui ni yupi. Hesabu yake naipenda sana. Ila kila mmoja kwenye kundi awe na ufunguo wa umma, na sidhani kama pale uhasibu kuna hata mmoja aliye nao.

Tena, pete ya watu mia haina maana kama waraka waliuona watatu. Wapelelezi huanza kwa kuhesabu watu, si kwa kuvunja usimbaji. Marekani, mwaka 2017, waraka wa siri wa NSA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, ulipovuja, kumbukumbu zilionyesha walioutoa kwa printa ni sita. Kompyuta za kazini za hao sita zikakaguliwa, na mmoja, Reality Winner, alikuwa amewahi kukiandikia barua pepe chombo cha habari kilichoupata. Alihukumiwa miezi 63. Hakuna aliyehitaji kuvunja usimbaji wowote.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, hesabu: barua hiyo walipata wangapi? Nani ameifungua mwezi huu, na kwa kompyuta ipi? Wakiwa watatu, mwandishi asiichapishe. Aitumie kujua aulize wapi, hadi aupate ushahidi huohuo kwa mlango mwingine.

Pesa ya laini usirudi kuidai. Fundi akikuona mara ya pili atakukumbuka.