Ukinunua El Camino ya zamani, kagua kutu kabla ya kuuliza injini

Watu wakiniuliza kuhusu El Camino, swali la kwanza ni injini. Nawaelewa. Mwaka 1970 Chevrolet waliiwekea pikapu hii V8 ya inchi za ujazo 454, na ile iliyoitwa LS6 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Lakini mimi nimefufua ya mwaka huohuo hapa Texas, na nakwambia bila kusita: pesa yako ya kwanza iende kwenye bodi na breki. Spea za V8 ndogo ya Chevrolet zimejaa madukani hadi leo. Bodi iliyooza itakula akiba yako yote.

El Camino za 1968 hadi 1972 ni ndugu wa Chevelle, gari la familia la Chevrolet, kwa hiyo boneti na madigadi ya mbele hayasumbui kupata. Kazi iko nyuma. Sakafu yake imetokana na ile ya gari la familia, na chini ya bati la kubebea mizigo, nyuma tu ya viti, kuna shimo ambalo kwenye gari la familia abiria wa nyuma angewekea miguu. Maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Nilipofungua kifuniko cha shimo hilo kwenye gari langu nilikuta majani yaliyooza yameshikana na udongo, na bisibisi ikazama kwenye chuma hadi mpinini. Juu, rangi ilikuwa inang'aa.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa. Ipitishe nyuma ya matairi ya nyuma na kwenye kona za chini za kioo cha nyuma. Ikikataa kushika, hapo pamejazwa puti.

Usilipe bei ya SS (Super Sport, toleo la nguvu zaidi) kwa sababu ya nembo, maana nembo zinauzwa tu. Mwaka 1968 SS 396, yaani SS yenye injini ya inchi za ujazo 396, ilikuwa na namba yake ya modeli, 13880. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha ziada cha kuagiza, na kwa gari za 1969 hadi 1971 namba ya chesisi peke yake haithibitishi chochote. Dai karatasi ya kiwandani inayoorodhesha gari liliundwa na vitu gani. Wengine huikuta juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti. Ikiwa ni SS ya kweli, nakusihi usiitupe injini yake.

Ikiwa ni ya kawaida, iboreshe kwa amani. Mimi ningeanza na breki za diski mbele, na hapo badilisha na masta silinda pia: ile ya breki za ngoma huacha presha kidogo kwenye mabomba, na diski zitakuwa zinashika muda wote. Ondoa platini, weka mfumo wa kielektroniki wa kutoa cheche za plagi. Gia boksi yenye gia ya nne ya safari, kama 700R4, itaipumzisha injini kwenye barabara kuu. Na kama kemshafti ni ya mtindo wa zamani, tafuta oili yenye zinki ya kutosha ili isilike.

Rangi iwe mwisho. Kabla ya kurudisha viti na zulia, mwambie mtu amwagie kioo cha nyuma maji kwa mpira huku wewe uko ndani na tochi. Ukiona tone moja, toa raba na uifunge upya.