Kompaila imekubali, linka imekataa

Wenzangu mnaoanza kuandika programu kwa lugha ya C, kuna kitu kilinila siku mbili nzima hapa Lamu, nawaeleza ili nyinyi kisiwale.

Ami yangu ana dau, akaniomba nimtengenezee programu ya kupiga hesabu za maji, ajue bamvua (maji makubwa) ni lini na maji mafu (maji madogo) ni lini. Hesabu yake ni kujumlisha mawimbi ya cos, la mwezi linajirudia kila saa 12 na dakika 25, la jua kila saa 12 kamili. Nikaandika, nikaipa gcc, kompaila inayogeuza kodi kuwa programu:

gcc maji.c -o maji

Ikanijibu: undefined reference to `cos'. Basi nikaanza kuhangaika na kodi, math.h nimeiweka juu kabisa naiona kwa macho, nikafuta nikaandika tena, mpaka nikadaunlodi kompaila upya kwa bando la simu, na kodi haikuwa na kosa lolote jamani. Heda, yaani hiyo math.h, inamwambia kompaila tu kwamba cos ipo na inapokea namba gani. Cos yenyewe inakaa kwenye laibrari ya libm, na linka, ile inayounganisha kodi yako na laibrari, haikuambiwa iende kuitafuta huko, unaiambia kwa -lm.

Nikaweka hivi: gcc -lm maji.c -o maji. Kosa lile lile! Hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Kwenye Ubuntu linka inasoma kushoto kwenda kulia, ikifika kwenye laibrari inaangalia nani ameshaomba kitu, na kama faili yako bado haijasomwa hakuna aliyeomba, inaiacha inaendelea, ni kama boti ya Mokowe iliyong'oa gatini wewe hujafika, hairudi kukuchukua. Anayeomba atangulie, anayetoa afuate:

gcc maji.c -o maji -lm

Ikapita.

Baadaye nikataka kuhifadhi hesabu kwenye SQLite (hifadhidata ndogo), likaja kosa jingine: cannot find -lsqlite3. Msizichanganye hizi mbili. Ile ya kwanza jina halijapatikana ndani ya vilivyosomwa, hii ya pili faili ya laibrari yenyewe haionekani. Mara nyingi mashine ina libsqlite3.so.0, lakini linka inatafuta libsqlite3.so isiyo na namba mwishoni, na hiyo inakuja na paketi ya dev, kwa hiyo sudo apt install libsqlite3-dev. Kama laibrari umeiweka kwenye folda yako mwenyewe, ionyeshe kwa -L.

Na ukiona error while loading shared libraries, linka imeshamaliza kazi yake salama, ni programu inayofunguka ndiyo haioni laibrari. Kama uliiweka /usr/local/lib, piga sudo ldconfig halafu jaribu tena.

Wa C++ mkiita laibrari ya C na jina linagoma japo mna uhakika limo, tazameni heda kama ina extern "C", maana C++ inayabadilisha majina ya fankshoni na linka inabaki inatafuta jina ambalo laibrari haina.