Mawenzi iko upande gani?

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la tatu mambo ya kompyuta, hapa Moshi, nilichora kibodi na kipanya ubaoni, watoto wakakariri majina yote. Kisha ujumbe wa uongo ukazunguka kwenye simu za wazazi kwamba kesho hakuna shule. Kesho yake nusu ya madawati yalikuwa matupu. Nilichowafundisha hakikumsaidia hata mmoja wao. Iliniuma sana.

Sasa naanzia nje. Asubuhi Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi, kabla haujafunikwa na mawingu, tunatoka uani na madaftari. Kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia. Kila mtoto anachora anachokiona. Tukirudi ndani napitisha simu yangu dawati kwa dawati. Picha niliyotumiwa kwenye grupu: mlima, tembo mbele yake, na chini pameandikwa "Moshi leo asubuhi". Nanyamaza kabisa. Mara ya kwanza, msichana mmoja wa nyuma aliweka mchoro wake kando ya simu, akatazama huku na huku, akasema, "Mwalimu, mbona Mawenzi imehamia kushoto?"

Darasa zima lilisimama kuchungulia.

Mpiga picha alikuwa upande wa pili wa mlima, kaskazini, kule Amboseli, Kenya. Picha ni ya kweli, maneno ndiyo ya uongo. Mwingine akauliza kama simu inaweza kugeuza picha. Inaweza, nikaigeuza mbele yao. Basi tukatafuta ushahidi mwingine: tembo wale, mbuga ile kavu, wakaniambia wenyewe kwamba huku kwetu mbele ya mlima kuna migomba na mapaa ya mabati.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, usisubiri kompyuta ziletwe. Picha moja iliyochapishwa steshenari inatosha. Chagua kitu ambacho watoto wanakifahamu kwa macho yao. Walioko Arusha wana Mlima Meru. Maswali yangu ni matatu tu: nani kasema, alikuwa wapi, alijuaje? Na jibu usilitoe mapema, hata kengele ikikaribia.

Ila jambo moja lilinipita. Mtoto alimuuliza bibi yake "umejuaje?" kuhusu dawa aliyosomewa kwenye simu, akagombezwa kwa utovu wa adabu. Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi ya kuuliza pia, wawili wawili, mmoja akiwa bibi: "Shikamoo bibi. Samahani, naomba kujua, aliyeleta habari hii aliipata kwa nani?"