Chozi anang'aa machoni, kwenye picha anatoka mweusi

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Ipuli, Tabora. Siku za mapumziko huingia kwenye miyombo kupiga picha ndege wadogo wakila. Chozi dume namwona anang'aa kijani, lakini kwenye picha anatoka mweusi, tena ana ukungu. Nikimsogelea anaruka. Mwenzangu anasema nimwite kwa sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza habari za ndege ninayempenda kuliko wote.

Ule ukijani haukupakwa kwenye unyoya. Unyoya una matabaka membamba mno, na mwanga ukiyapiga ndipo unarudi na rangi. Chozi akiwa kati yako na jua, utapata kivuli chenye mdomo uliopinda, basi. Jua liwe mgongoni mwako, na uende asubuhi, kabla halijapanda utosini.

Kumfuata acha; mtangulie. Tafuta mshubiri uliochanua, au ua la mgomba hapo hapo uani, ukae pembeni umetulia. Akishanyonya ataondoka, ila ua hutoa tena maji yake matamu, naye hurudi. Mara nyingi hutua kwanza ndipo anyonye, kwa hiyo lenga mapema kile kikonyo anachokanyaga. Spidi ya kamera iwe sehemu moja ya 1,000 ya sekunde au fupi kuliko hapo, maana kichwa chake hakitulii. Ukungu wako unatoka hapo.

Porini mambo ni mengine. Kiangazi unaweza kutembea muda mrefu husikii hata mlio, halafu ghafla mti mmoja unajaa: mlamba, kigong'ota, na vindege vinavyodonoa wadudu kwenye magome, wote msafara mmoja. Usiwavamie. Angalia wanakoelekea, zunguka kwa mbali, ukawasubiri mbele. Watakupitia juu wakiendelea kula. Anza na mlamba. Yeye hukaa tawi la wazi akivizia wadudu wanaofurushwa na wenzake, kisha mara nyingi hurudi tawi lile lile.

Hiyo sauti ya simu, hapana, nakusihi. Dume akiisikia hudhani amevamiwa, anaacha kula na kumsaka adui ambaye hayupo. Na ukimwona jike, yule wa rangi ya vumbi, amebeba buibui mdomoni na hammezi, jua ana makinda karibu. Hapo shusha kamera, urudi kwa njia uliyojia, hata kama picha hujaipata.