Gari lina cheti cha ukaguzi, lakini asubuhi linamisi: ni petroli mbaya kweli?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua gari lililotumika kutoka kwa muuzaji wa magari. Nimepewa cheti kinachosema limekaguliwa vipengele zaidi ya 100, na vyote vimewekewa alama ya "sawa". Ni la petroli, silinda nne, gia otomatiki, limetembea kilomita 84,000. Wiki ya kwanza halikuwa na tatizo. Sasa kila nikiliwasha asubuhi linatetemeka kama dakika moja, taa ya injini inapepesa kisha inabaki imewaka, halafu gari linatulia na kwenda vizuri kutwa nzima. Rafiki yangu alichomeka kifaa chake kikasoma P0302. Tena maji kwenye chupa ya akiba ya rejeta yameshuka hadi alama ya chini, na chini ya gari sioni hata tone. Oili ni safi. Muuzaji anasema ni petroli mbaya: niweke dawa ya kusafisha nozeli, nao watanifutia taa. Fundi wangu anasema tufungue hedi, yaani kichwa cha injini, mara moja. Nimsikilize nani? Na cheti kile kina maana gani basi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Mmoja anataka kufuta ushahidi, mwingine anataka kuufungua kabla haujaandikwa. Gari lako bado lina mengi ya kusema, na mengi yamo kwenye kompyuta yake.

Tuanze na petroli. P0302 maana yake silinda namba mbili inamisi, yaani petroli yake haiungui inavyopaswa. Petroli chafu au iliyochanganyika na maji inatoka tangi moja, inasukumwa na pampu moja na kugawiwa nozeli zote nne. Ikiwa mbaya, kwa kawaida injini nzima inayumba, na mara nyingi kompyuta huandika P0300, yaani kumisi kunakorukaruka bila kushika silinda moja. Tena gari la petroli mbaya halina sababu ya kupona lenyewe baada ya dakika moja na kwenda vizuri hadi jioni. Na hakuna petroli inayopunguza maji ya rejeta. Muuzaji amejibu dalili moja, nyingine ameiruka.

Kinachonitia wasiwasi ni dalili tatu kuja pamoja: asubuhi tu, silinda moja tu, na maji yanapungua bila kuvuja nje. Ukizima injini ikiwa ya moto, mfumo wa maji unabaki na shinikizo, kwenye magari mengi karibu bar 1. Kama gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini) imelegea mahali padogo kati ya njia ya maji na silinda ya pili, shinikizo hilo linasukuma kulanti, yaani maji ya kupoza injini, kidogo kidogo ndani ya silinda usiku. Asubuhi kuna maji machache juu ya pistoni, plagi imelowa, cheche haishiki. Injini inatetemeka mpaka maji yale yageuke mvuke na kutoka nyuma kama moshi mweupe wenye harufu ya utamutamu. Kisha chuma kinapata moto, kinatanuka, pengo linajibana, na wewe unaendesha kutwa ukidhani umepona. Oili kuwa safi hakuiondolei gasketi lawama, kwa sababu inaweza kuvujia kwenye silinda bila kugusa kabisa njia ya oili.

Lakini nasema wasiwasi, sisemi hukumu. Koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) iliyochoka, plagi yenye ufa au nozeli inayodondosha petroli usiku huweza kumisisha silinda moja injini ikiwa baridi. Na maji kushuka kuna maelezo mengine. Kama muuzaji alibadilisha kulanti kabla ya kukukabidhi, hewa iliyonaswa ndani hutoka taratibu na kiwango hushuka, ila hushuka mara moja kisha husimama. Wata pampu inayotoa jasho kwenye injini ya moto hukauka kabla tone halijafika chini, na huacha alama ya chumvichumvi yenye rangi. Hita ikivuja, zulia la upande wa abiria wa mbele huwa na unyevu na vioo hufunga ukungu. Kwa hiyo huenda una matatizo mawili madogo yaliyokutana. Bandika kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji, gari likiwa baridi kabisa. Kagua kila asubuhi saa ileile. Maji yakishuka tena na tena, hewa haihusiki. Na usithubutu kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Sasa cheti. Orodha ya vipengele 100 na zaidi inatisha kwa wingi, lakini itazame vizuri: taa, vioo, viti, mikanda, redio, kina cha matairi, breki, viwango vya oili na maji, kuendesha kidogo barabarani. Sehemu kubwa ni ya kuangalia kwa macho. Hakuna anayefungua injini, na kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) si jambo la kawaida kwenye ukaguzi wa aina hiyo. Isitoshe, gari la yadi huhamishwahamishwa. Mkaguzi anapolifikia huwa limeshawashwa asubuhi na mtu mwingine, injini ina moto, na ugonjwa wa dakika ya kwanza umeshapita. Kiwango cha maji kilikuwa sawa siku ile kwa sababu pengine mtu alikijaza siku ileile. Simwiti mkaguzi wako mwongo. Alichoandika kinaweza kuwa kweli tupu na gari likawa bovu. Kwako thamani ya cheti ni kwamba kinataja tarehe, kilomita, na neno "sawa" kwenye mstari wa injini na mfumo wa kupoza. Mtu aliyeandika hivyo ana kazi ngumu ya kueleza kilichobadilika ndani ya wiki chache.

Hapo ndipo habari ya kufuta taa inapokuwa kubwa. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu modeli za 1996, na Ulaya tangu 2001, yana mfumo wa OBD, yaani kompyuta ya gari inayojipima na kuandika makosa, wenye soketi ya pini 16 karibu na usukani. Kosa linapoandikwa, kompyuta inahifadhi pia picha ya dakika ile: mizunguko ya injini, mwendo, mzigo, joto la maji. Kama picha yako inaonyesha joto la maji lilikuwa sawa na la hewa ya asubuhi, huhitaji kubishana kuhusu saa ngapi gari linasumbua. Wakifuta taa, picha hiyo inafutika nayo. Ndiyo maana mimi humwambia kila mteja: soma, piga picha, kisha ndipo tuzungumze habari ya kufuta.

Mwambie rafiki yako achomeke tena kifaa chake na atafute vitu vingine viwili. Cha kwanza ni umbali uliotembea tangu misimbo (alama za makosa kama P0302) ilipofutwa mara ya mwisho, pamoja na idadi ya mara injini ilipopata moto tangu hapo. Vifaa vingi vya bei nafuu huonyesha. Linganisha umbali huo na kilomita ulizotembea tangu ununue. Kama umetembea 900 na kompyuta inasema 915, kumbukumbu ilifutwa muda mfupi kabla hujakabidhiwa funguo. Hilo pekee halimtii mtu hatiani, maana kwenye magari mengi hata kuchomoa betri kunaanzisha hesabu upya, na betri huenda ilibadilishwa kwa nia njema. Lakini ni swali halali la kumuuliza muuzaji, tena kwa maandishi. Cha pili ni misimbo ya kudumu. Magari mapya kidogo, hasa ya soko la Marekani kuanzia modeli za 2010, yanaweka nakala ya kosa ambayo kifaa cha fundi hakiwezi kuifuta. Inaondoka pale tu kompyuta yenyewe inapojipima ukiwa unaendesha na kuridhika kwamba kosa halipo tena. Hiyo tutaihitaji mbele.

Ukishahifadhi picha hizo, mwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Barua fupi: tarehe ya kununua, kilomita za siku ile na za leo, msimbo, maji yanashuka, gari linamisi likiwa baridi. Usiandike "gasketi ya hedi". Ukitaja ugonjwa watatibu ulichotaja, na ukikosea watasema wewe ndiye uliyewaelekeza vibaya. Taja dalili, ugonjwa wautafute wao. Ambatisha video ya asubuhi inayoonyesha dashibodi yenye kilomita, taa ikipepesa, na mlio wa injini, bila kukatakata.

Kisha gari lilale kwao. Hili ni muhimu kuliko lote lililotangulia. Ukilipeleka saa nne asubuhi, limefika la moto na litatulia kama kondoo mbele ya mkuu wa gereji. Liache jioni, kubaliana kwamba halitawashwa, na kesho yake uwepo. Kabla hawajawasha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya vuguvugu na jua halijaipiga, rudi nyumbani, panga siku nyingine.

Waombe vipimo kwa mpangilio wa kutoka kwenye rahisi. Koili ya silinda ya pili ihamishiwe ya tatu. Kosa likihama na kuwa P0303, koili ndiyo mbaya, mmemaliza, na mimi nitafurahi kukosa kazi. Likibaki P0302, plagi zitolewe zote nne zipangwe mezani. Ya silinda inayokunywa maji mara nyingi hutoka safi kupita wenzake, nyeupe, kana kwamba imeoshwa. Halafu mfumo wa maji upigwe shinikizo kwa pampu ya mkono, ukiwa umezimwa, kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, na uachwe usiku. Asubuhi kamera nyembamba ipitishwe kwenye tundu la plagi. Ukiona tone juu ya pistoni ya pili, au pistoni hiyo inang'aa huku nyingine zina masizi, mjadala wa petroli umekwisha.

Kuna kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, ikageuka manjano ikikutana na gesi ya moshi wa injini ya petroli. Ni kizuri kikisema ndiyo. Kikisema hapana usikiamini sana, kwa sababu pengo dogo linaloingiza maji silindani usiku linaweza lisirudishe gesi kwenye maji mchana. Waone pia ndani ya chupa ya akiba: matope ya kahawia au chembe zinazometameta huashiria kwamba mtu aliwahi kumwaga dawa ya kuziba. Ukikuta hivyo, piga picha kabla hawajaisafisha.

Fundi wako anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu hedi, lakini asiifungue. Boliti za hedi zikishalegezwa na mtu asiyeidhinishwa, muuzaji anapata sentensi anayoitafuta: "mteja alifungua injini". Mpe kazi nyingine: aende nawe awe shahidi wa vipimo, na asome maandishi ya dhamana pamoja nawe. Angalieni kama gasketi na hedi zimetajwa kwenye kinacholipiwa au kwenye kilichotolewa nje, kama kuna muda wa kutoa taarifa, na kama wanakataa uharibifu unaotokana na kuendelea kuendesha. Sheria za kurudisha mali mbovu hutofautiana nchi kwa nchi, na katika nchi kadhaa haki zako kwa muuzaji zipo mbali na dhamana aliyoiandika yeye, kwa hiyo usikubali kwamba karatasi yake ndiyo mwisho wa maneno.

Hilo la kuendelea kuendesha ulichukulie kwa uzito. Taa ikipepesa, kompyuta inasema kumisi ni kwa kiwango kinachoweza kuua katalisti, kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia humo, sega la ndani linayeyuka. Mshale wa joto ukipanda, egesha na uzime. Hedi iliyochemshwa inapinda, na gasketi iliyokuwa kazi ya kawaida inageuka kazi ya kutafuta hedi nyingine. Ikiwezekana, lipelekwe kwao kwa gari la kuvuta, nawe uhifadhi risiti.

Ikithibitika ni gasketi na wakakubali kutengeneza, usiridhike na kauli ya "tumebadilisha". Hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na vibati vya kupimia, na ipigwe shinikizo kutafuta nyufa. Boliti za hedi kwenye injini nyingi za sasa hutanuka zikikazwa na hazirudiwi, kwa hiyo ziwe mpya. Oili na filta vibadilishwe hata kama vinaonekana safi. Yote yaandikwe kwenye ankara, pamoja na dhamana mpya ya kazi hiyo. Wakikupendekezea dawa ya kuziba badala yake, kataa. Hiyo inaziba hata njia za hita na rejeta.

Ukilichukua, utepe wako ubaki kwenye chupa na uendelee kukagua likiwa baridi. Endesha siku kadhaa, mjini na barabara ndefu, kisha rudi kwenye ile misimbo ya kudumu. Siku ya kwanza P0302 kuwa bado ipo si ajabu, kompyuta haijajipima. Ikiondoka yenyewe na maji hayajashuka, kazi imefanyika. Ikibaki baada ya siku hizo, au ikirudi asubuhi moja ya baridi, nitumie picha za skrini na nakala ya ankara, tuone kama bado ni jambo la kutengeneza au umefika wakati wa kudai wakurudishie pesa zako.