Mtoto anakunywa chai na andazi tu, ndo maana hesabu zimeshuka?

SWALI: Habari afisa lishe. Nipo Makorora hapa Tanga, mwanangu yuko la nne. Asubuhi anagoma kula, anapiga chai ya rangi na andazi moja anakimbia shule. Mwalimu kaniambia ikifika saa nne anasinzia na hesabu zimeshuka. Majirani wanasema ni kifungua kinywa. Ni kweli au maneno tu?

JIBU: Salama mama, pole. Ni kweli ila majirani wametia chumvi kidogo. Chakula cha asubuhi hakimpi mtoto akili asiyokuwa nayo, kinamsaidia atulie asikilize, basi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima ila unakula kama asilimia 20 ya nguvu za mwili akiwa ametulia, na kwa mtoto ni zaidi ya hapo, halafu akiba ya sukari kwenye ini lake ni ndogo. Sasa piga hesabu, jana kala saa mbili usiku, mpaka hiyo saa nne ni masaa 14 na katikati hapo kuna andazi moja!

Jamaica walijaribu hili jambo, utafiti ukatoka 1998, watoto mia nane na ushee wa shule za vijijini, wengine wakapewa chakula cha asubuhi shuleni mwaka mzima na wengine kipande cha chungwa. Waliokula walihudhuria zaidi, na wale wa madarasa ya chini hesabu zikapanda, ila sio sana, usitegemee atoke wa arobaini awe wa kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa huyu wako ni hiyo chai ya rangi. Majani ya chai yanazuia mwili usifyonze vizuri madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mbaazi na mboga, na mtoto akipungukiwa chuma damu inapungua, hapo hata umshibishe vipi atachoka tu na kichwa hakishiki. Kwa hiyo andazi mwache nalo lakini mpe na mbaazi za nazi, si zinauzwa hapo hapo mtaani, au yai, au kiporo cha maharage na mhogo wa kuchemsha, halafu ashushie na chungwa la Muheza maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai atakunywa akirudi, mbali na chakula. Unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga na soya siupendi kivile, karanga zikikaa vibaya zinaota ukungu unapata sumukuvu, ulezi mtupu na maziwa unatosha kabisa.

Akigoma usigombane nae, watoto wengi wakiamka tu tumbo halijafunguka, muamshe mapema kidogo aoge kwanza ndo ale, na kama bado hataki mfungie chakula kwenye kontena ale mapumziko.

Ukienda hivyo wiki tatu nne na bado anasinzia, mpeleke kituo cha afya wampime wingi wa damu na minyoo, na uangalie analala saa ngapi, tivii nayo inachangia. Na muulize mwalimu huyo mtoto anakaa dawati la nyuma au la mbele, wengine ubao hawauoni vizuri na hawasemi.