Soma namba kwanza, diski usiiguse

Shemeji yangu anapiga video za harusi Morogoro. Mwaka 2016 alipanda basi la alfajiri kwenda Kariakoo, akanunua diski ya terabaiti 3, akarudi nayo jioni ileile ameipakata, imeviringishwa kwenye kanga. Tuliifunga kwenye kompyuta yangu ya mezani, ambayo hata wakati huo ilishakula chumvi nyingi, tukasubiri. Skrini ikaandika gigabaiti 746.

"Shemeji, tumepigwa," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamkubalia. Nilikuwa nimetengeneza kompyuta za watu kwa miaka kadhaa, na bado nilimwambia kesho airudishe dukani. Lakini usiku namba ile ilinikosesha usingizi. Mbona 746? Anayebandika lebo ya uongo huanza na diski halisi, na mimi sijawahi kuona diski ya ukubwa huo ikiuzwa. Ile ya gigabaiti 750 Windows huionyesha kama 698 (sababu nitaieleza mbele). Nikawasha taa, nikachukua kalamu. Diski ya terabaiti 3 kwenye Windows inapaswa kusoma 2794. Toa 746. Jibu likaja 2048 kamili, na hapo nikajua muuzaji hakutudanganya.

Diski imegawanywa vipande vidogo viitwavyo sekta, na kompyuta huhesabu kila kimoja kuwa na baiti 512. Namba za sekta zikiandikwa kwa biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, zinaishia kwenye bilioni 4 na ushee. Zidisha kwa 512 unapata gigabaiti 2048 za Windows, si zaidi. Draiva ya zamani, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na diski, ikifika hapo inafanya kama mita ya pikipiki iliyomaliza tarakimu: inarudi sifuri na kuanza upya. Ya kwangu ilihesabu 2048, ikarudi sifuri, ikahesabu 746, ikatuonyesha hizo za mwisho tu. Asubuhi nilipakua draiva mpya ya diski kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama, nikawasha upya, na 2794 zote zikaonekana.

Zilionekana, ila hazikutumika. Nilipofungua programu ya Windows iitwayo Disk Management (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc), 746 zilikaa pembeni chini ya neno Unallocated (haijagawiwa), na kila nilipobofya hapo chaguo la kutengeneza partisheni, yaani sehemu ya diski ya kuwekea vitu, lilikuwa limefifia. Sababu ni ileile ya biti 32, safari hii kwenye jedwali la partisheni, yaani orodha ndani ya diski inayoonyesha kila partisheni iko wapi. Jedwali la kizamani, MBR, haliwezi kuandika zaidi ya 2048. Dawa yake ni jedwali la GPT. Diski ya shemeji ilikuwa tupu, kwa hiyo nilifuta partisheni, nikabofya jina la diski kwa kitufe cha kulia, nikachagua Convert to GPT Disk, tukamaliza kabla chai haijapoa.

Kama diski yako ina kitu ndani, simama hapohapo. Nasema hivi kwa uchungu. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea diski ya terabaiti 4 inayosoma 2048. Ilikuwa na picha za familia yake, nyingine za marehemu mume wake. Nilinakili picha zote kwenye diski nyingine kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha nikafungua diskpart, programu ya Windows ya kushughulikia diski kwa kuandika amri, ili nisafishe ile kubwa. Zilikuwa mbili zimechomekwa, Disk 1 na Disk 2. Nikaandika select disk 2, nikaandika clean, nikabonyeza Enter. Yakaja maneno yale, DiskPart succeeded in cleaning the disk, nami, bila kutazama kwamba Disk 2 ilikuwa ile ya nakala, nikaendelea kuiandaa ile kubwa. Nilikuwa nimefuta nakala, na sasa nafuta asili.

Amri ya clean hufuta jedwali tu, picha zenyewe bado ziko kwenye sekta zake. Laiti ningeacha kuandika chochote, programu ya bure ya TestDisk ingerudisha karibu kila kitu. Lakini nilikuwa nimeshafomati na kuanza kumwagia vitu vingine juu. Picha nyingi zilipatikana kwa PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, zimepoteza majina na tarehe. Nyingine hazikurudi. Nilikwenda nyumbani kwake kumweleza mwenyewe. Tangu siku ile, kabla ya clean naandika list disk, nasoma safu ya ukubwa kwa kidole, na nakala nakuwa nimeshaichomoa kabisa na kuiweka mezani.

Namba utakayoiona zaidi ya zote ni 931, na hiyo haina ugonjwa. Aliyetengeneza diski anahesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni 1. Windows inagawanya baiti hizohizo kwa 1024 mara tatu, halafu bado inaziita GB. Ndiyo maana 500 inakuwa 465, na 2000 inakuwa 1863. Usimgombeze muuzaji.

Umehamisha Windows kutoka diski ya 256 kwenda ya terabaiti 1 na bado unaona 237? Ulinakili pamoja na mipaka ya zamani. Nafasi iliyobaki iko palepale kwenye Disk Management. Tumia Extend Volume, na kama imefifia, tazama kama kuna partisheni ndogo ya Recovery iliyokaa katikati. Windows hupanua kuelekea nafasi iliyopakana nayo upande wa kulia tu.

Kwenye kompyuta za zamani kabisa, zenye Windows XP ya mwanzo isiyo na Service Pack 1, kikomo kilikuwa karibu gigabaiti 128. Ukikutana nayo, usiandike chochote kwenye diski hiyo mpaka mfumo usasishwe, maana data zilizovuka mpaka huo zinaweza kuharibu zilizotangulia.

Kuna na kasha la nje la USB. Baadhi yake huonyesha sekta za baiti 4096 badala ya 512, hivyo diski iliyojazwa humo ukiichomoa na kuifunga ndani ya kompyuta, Windows inadai haijafomatiwa. Usikubali ombi la kufomati. Irudishe kwenye kasha lake na data zitaonekana.

Diski feki kweli zipo, ila mara nyingi hazionyeshi pungufu. Zinaonyesha ukubwa wote wa kwenye lebo, unajaza harusi tatu, na ya kwanza inafutwa kimyakimya na ya tatu. Zipime zikiwa tupu kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Programu hizi huijaza diski nzima kisha husoma kila kilichoandikwa. Kwa terabaiti 3 kupitia USB 2 kazi hiyo inaweza kuchukua karibu siku mbili, kwa hiyo anza Ijumaa jioni, na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika, azima UPS.